Restituta Anataka Kurusha Ndege Baharini

Jumapili, jioni. Ukungu umeshuka huku kijijini kwetu Tlawi tangu mchana, nguo nilizofua hazijakauka. Nikikosea herufi mnisamehe.

Mume wangu alipofariki tulinyoa nywele wote, kama desturi yetu. Zangu zimeshaota. Binti yetu Restituta yeye anaendelea kunyoa. Anachukua wembe, anakaa nyuma ya nyumba, anamaliza zote. Nikasema moyoni, mtoto huyu bado yuko msibani. Hata wanawake wa jumuiya walimsifu kwamba ndiye aliyempenda baba yake. Sikumuuliza kitu.

Leo baada ya misa ameniambia ukweli. Ananyoa kwa sababu ya jeshi. Amechaguliwa kusomea urubani kwa wanamaji, zile helikopta zinazoruka kutoka kwenye meli na kurudi kutua juu ya meli hiyo hiyo, katikati ya bahari. Usaili amepita, vipimo vya afya amepita. Kesho anatakiwa kuondoka, ila bila neno langu haendi.

Nilikuwa nachambua maharage. Ungo ulinitoka mikononi.

Mvua zilizopita korongo lilijaa, baba yake akaingia kumfuata ndama, maji yakambeba. Tulimpata chini kule, kwenye mashamba ya watu. Sasa mtoto anataka maji yasiyo na ng'ambo!

Shemeji yangu, Baba Paskali, alikuwa amekuja kutusalimia. Akacheka kwa mshangao.

"Wewe Resti, huku tunaoga kwa kopo. Hiyo bahari umeiona wapi?"

"Kwenye simu, baba mdogo."

"Basi na ndege irushie humo humo kwenye simu."

Restituta hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba alijua."

Baba alijua.

Ndiye aliyemsindikiza kwenye usaili, siku waliyoniaga kwamba wanapeleka vitunguu saumu sokoni Mbulu. Walikubaliana kuniambia akishapita. Halafu korongo likajaa.

Nimekumbuka jioni moja tunakunywa uji, mume wangu akaniuliza, hivi meli inaweza kuwa na uwanja wa ndege juu yake? Nilicheka mpaka uji ukanipalia. Naye akacheka, kisha akaanza kukoroga uji uliokwisha kupoa. Nadhani alitaka kusema siku ile.

Nimemkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Baadaye nikamwonea huruma, maana furaha kubwa namna hiyo aliibeba bila mimi.

Jua lilipozama nilimwita Restituta jikoni, nikamuuliza swali moja tu.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui, mama. Watatufundisha kwanza, kabla hata ya kugusa ndege."

Hapa kwetu hakuna anayejua kuogelea. Baba yake hakujua. Siku ile tulisimama ukingoni watu wengi, wanaume wazima na nguvu zao, tukabaki kupiga kelele.

Nimemwambia aende.

Bado naogopa, na hizo helikopta sijazielewa. Lakini akajifunze maji kwanza. Katika ukoo huu awepo hata mtu mmoja anayeweza kuingia majini akatoka.