Mkufu wa Evodia Uliofungiwa Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi 2008

Leo tumefungua karakana, mara ya kwanza tangu tumalize matanga ya mume wangu. Nimepangusa vumbi kwenye meza yake ya usonara. Mkasi wa kukatia bati sikuugusa. Uko vile Nikodemo alivyouacha, mdomo wazi.

Ludovick, mdogo wake, ameng'ang'ania habari ya kompyuta. Anasema wateja wa Area D hapa Dodoma hawakubali maneno siku hizi, wanataka kuona picha ya hereni ndipo watoe oda. "Shemeji, tuchague programu moja ya kuchorea, tuache kubahatisha." Kweli. Marehemu alikuwa na ile ya majaribio, ya bure kwa mwezi mmoja. Alisema atachagua ya kununua akipona.

Alhamisi, 6 Machi

Ludovick ameuliza bei mjini. Iko ya nafuu, inachora bapa tu kama kwenye karatasi. Ile ya Nikodemo inageuza pete pande zote, kama umeishika. Ila bei yake! "Hiyo wanunue wabunge," kasema. Nimecheka. Kisha nikaona haya kucheka.

Tuchukue ya nafuu. Nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikubali haraka mno.

Evodia amekuja kutoka Mvumi anakofundisha. Kauliza, mama, mchoro wa mkufu wangu uko wapi? Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ni mwezi ujao. Baba yake alimwahidi mkufu wa fedha, vipande virefu na vifupi vikining'inia kama vijiti vya chuma vya marimba ya kwetu Ugogo, ile ya kupigwa kwa vidole gumba. Nimepekua karatasi zote. Hamna. Nikakumbuka — mwishoni mkono ulitetemeka, penseli ikamshinda, tukamwekea kompyuta karibu na kitanda. Alisogeza kipanya taratibu, kama anayemchomoa mtoto mwiba.

Mchoro nimeuona humo kwenye kompyuta. Jina lake tu: Evodia. Nikibonyeza, inaandika kwamba muda wa majaribio umekwisha. Programu ya nafuu nayo haiutambui.

Ludovick akasema, usijali mwanangu, baba mdogo nitakuchorea mwingine. Evodia akaitikia, asante baba. Akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimemweleza Mishi, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Anasomea kompyuta kule chuoni Chimwaga.

"Mama, hiyo inahesabu siku kwa kalenda ya kompyuta yenyewe. Tukirudisha tarehe nyuma, huenda ikadhani mwezi haujaisha. Tuufungue, tuuchape, basi."

"Kumbe inadanganyika kama karani wa ushuru," akasema Ludovick.

Evodia akavuta kigoda. Mishi akafungua kalenda pale kwenye kioo, akaanza kurudi. Februari. Januari. Siku ya mazishi ikapita, namba tu kama nyingine.

Akaniuliza, mama, turudi mpaka siku gani ambayo baba alikuwa bado anachora?

Nimesema nakuja, nafuata miwani. Miwani ninayo usoni. Nimekaa kitandani, naandika.

Siku naijua. Jumatano, tarehe kumi na sita Januari. Alikunywa uji wote, akaniomba nimfungulie dirisha, akachora mpaka jua likamfikia miguuni. Nilimwambia apumzike, atamalizia kesho.

Huko sebuleni wananisubiri. Sasa Evodia ameita. "Mama? Kama hukumbuki tutakisia tu."

Nakumbuka, mwanangu. Nikiitamka siku hiyo, wataiandika pale kwenye kompyuta kwamba ndiyo leo.