Wagiriki, Wayunani na Neno "Sijui"

Mama Luciana, shikamoo. Nina shida na nimekosa mtu mzima wa kunisaidia, ndiyo maana nakuletea wewe, ila nakuomba jina langu usilitaje hewani, maana hapa Ifakara kipindi chako kinasikilizwa mpaka na wakaanga vitumbua, na mimi ni mtu ambaye hata mahudhurio yakiitwa naitikia kwa sauti ambayo mwalimu inabidi arudie jina. Nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa zote nikakutumia kwenye namba ya kipindi. Samahani kwa mwandiko. Daftari lenyewe ni la zawadi, na hiyo zawadi ndiyo shida yangu.

Niko kidato cha tatu. Shule ya msingi nilisoma Morogoro, English medium, halafu mimi na mama tukahamia huku kwa bibi, na tangu nifike nikisema Kiswahili wenzangu wanacheka kwamba nachanganya, nikisema Kiingereza wanacheka kwamba naongea puani, kwa hiyo niliamua kukaa kimya kwa lugha zote mbili na nikaona maisha yanaenda.

Pale shuleni kuna bomba la maji, na wavulana wakisubiri ndoo zijae wanabishana mambo ya kale kama watu wanavyobishana mpira, yaani Farao na Aleksanda nani angemfunga mwenzake, na mmoja anasema Uajemi walikuwa na benchi pana, mwingine anasema Misri walibebwa na mto tu, bila mto wangeshuka daraja, na mimi nasimama na ndoo yangu nacheka kimoyomoyo, ni sehemu pekee ya siku ninayoipenda. Anayebishana kuliko wote ni Fridolin. Anatoka Masagati, kule mbele ya Mlimba, hapa mjini amepanga chumba, anajipikia mwenyewe. Siku hiyo Fridolin alichukua Wagiriki, mwenzake akasema basi mimi nachukua Wayunani, hawa wa kanisani, maana wametajwa na mtume Paulo kwa hiyo ni wa zamani zaidi na wana baraka. Wakabishana mpaka ndoo zikafurika.

Mama Luciana, mimi nilikuwa najua. Bibi huwa anafuatilia masomo ya Jumapili kwa Kiswahili, na mimi bado nina vile vikaratasi vya Misa ya Kiingereza vya Morogoro, na siku moja niliviweka sambamba nikaona kila bibi anaposoma Wayunani, changu kimeandika Greeks. Nilisubiri wengine waondoke ndipo nikamwambia Fridolin, kwa sauti ndogo, Wagiriki na Wayunani ni watu walewale. Akaweka ndoo chini. Akasema, "Kumbe nimejifunga mwenyewe!" Akacheka mpaka akakaa, akaniambia, "Dada, wewe una vitu kichwani, kwa nini husemi?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na chemsha bongo, sisi A na wao B. Mwalimu wa historia alikuwa semina, kwa hiyo akasimamia Mwalimu Stanislaus, anayefundisha hesabu na ndiye wa nidhamu. Swali la mwisho likawa kutaja mataifa manne ya kale yaliyoendelea. B walitaja Misri, Uajemi na Wagiriki, muda ukaisha, wakapewa tatu. Kwetu akasimama Apolonia, akataja Misri, Uajemi, Wagiriki, Wayunani. Nne! Tukashinda kwa alama moja, watu wakapiga meza, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Apolonia na mkono wangu nimeuweka chini ya paja ili usinyooke.

Fridolin, ambaye ni wa B, akanyoosha wake. "Mwalimu, samahani, Wagiriki na Wayunani ni watu walewale. Hapo wamepata tatu."

"Nani kakwambia?"

Fridolin akashusha mkono.

"Nimeuliza nani kakwambia! Kitabu gani?"

Mama Luciana, hakuniangalia. Aliangalia dirishani. Akasema, "Ninajua tu, mwalimu."

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Wa Masagati leo anatufundisha Ugiriki!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Ndipo mwalimu akanigeukia mimi, akasema, "Hebu wewe wa English medium simama, utusaidie. Hawa ni watu walewale au mwenzako anataka alama za bure?"

Nilisimama. Jibu lilikuwa limefika hapa kooni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikasema, "Sijui, mwalimu."

Nilisema hivyo tu, nikakaa, na baadaye nikaenda mbele na wenzangu kupokea daftari hili na mkebe.

Fridolin aliambiwa amemdharau mwalimu mbele ya wanafunzi. Amlete mzazi siku ya Alhamisi, aombe radhi mstarini mzazi akiona, na mpaka hapo haingii darasani, anafyeka majani nyuma ya vyoo. Shule nzima sasa inamwita Myunani. "Myunani, maji yamekwisha!" "Myunani, msalimie Paulo!" Na baba yake yuko shambani anaamia ndege, mpunga ndiyo umeshika, akiondoka siku tatu kwelea watamaliza, na ameshasema kwenye simu kwamba anaondoka Jumatano, pikipiki mpaka Mlimba halafu treni, na kwamba kama mtoto amekuja Ifakara kubishana na walimu basi warudi wote wakafukuze ndege, shule basi. Fridolin naye anasema haombi radhi kwa kusema kweli. Kwa hiyo najua kabisa itakavyokuwa hiyo Alhamisi.

Nilimfuata kule anakofyeka. Nilitaka kusema samahani, nikasimama tu. Akaniangalia, akasema, "Usijali. We kaa kimya, si ndiyo umezoea." Hakusema kwa ukali, na hapo ndipo nililia.

Nimemwambia mama. Amesema, "Nyamaza mwanangu, mwaka kesho una mtihani, mwalimu ukimuumbua atakuweka kichwani, na hao Wagiriki wako wamekufa siku nyingi." Lakini nina hasira, Mama Luciana, nina hasira na mwalimu anayeuliza "nani kakwambia" badala ya kuuliza "ni kweli?", nina hasira na darasa linalocheka Masagati kana kwamba ukitoka mbali huruhusiwi kujua kitu, nina hasira na Apolonia anayeringa na mkebe, na zaidi nina hasira na hili domo langu. Nimefikiria kuandika karatasi bila jina niipenyeze chini ya mlango wa ofisi. Je, inatosha? Au ninyamaze kama mama anavyosema? Nisaidie kabla ya Alhamisi.

Mimi wa dawati la nyuma, Ifakara.

MAMA LUCIANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu wa dawati la nyuma. Barua yako imeruka foleni, imepita ya mwenye wivu wa mume na ya mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa sababu hao wanaweza kusubiri wiki na treni ya Mlimba haiwezi. Majina yote nimeyabadilisha. Kama kuna Fridolin wa kweli ananisikiliza, atulie, si yeye.

Kwanza niseme na wakubwa wenzangu, maana nimekasirika. Mtoto ametoa jibu sahihi amepewa fyekeo! Tunawaambia kila siku someni, ulizeni, jiaminini, halafu anapotokea mmoja aliyesoma, akauliza na akajiamini, tunamwambia kamlete baba yako. Mimi sijui kila kitu. Nakiri hapa hapa hewani kwamba mpaka jana nilidhani Wayunani ni kabila lingine, jirani zao na Wakorintho. Nilichofanya ni kuuliza mtu aliyesoma. Akaniambia jina la Wayunani lilitufikia kupitia Kiarabu, la Wagiriki likaja na Wazungu, na wenye majina hayo ni walewale. Nimeuliza kwa dakika mbili na sikupungukiwa heshima. Mwalimu, wewe una mwenzako wa historia mwenye simu mfukoni. Ulishindwa nini?

Na nyinyi mnaocheka Masagati, mchele mnaokula mnafikiri unatoka dukani?

Sasa nakurudia wewe. Pole. Kuchekwa kwa lugha mbili ni adhabu ambayo hukuistahili. Lakini usinidanganye na usijidanganye. Umesema una domo bovu. Nimehesabu kurasa, ni sita, na katika sita hizo kuna sentensi zako nyingine nimezisoma mpaka nikaishiwa pumzi. Mtu wa kurasa sita si bubu. Wewe uliogopa, na mwenzako analipia hofu yako kwa fyekeo. Alipoulizwa nani kamwambia, alikuwa na jina moja tu la kutaja, akaangalia dirishani ili asikutaje. Kijana wa namna hiyo unamlipa kwa karatasi isiyo na jina chini ya mlango? Aibu! Karatasi ya hivyo mwalimu wa nidhamu ataichukua, atauliza nani kaandika, na wa kwanza kushukiwa atakuwa Fridolin. Utakuwa umemwongezea fyekeo la pili.

Mama yako anakupenda na amekosea. Mwambie nimesema hivyo, kwa adabu, ukiwa umemsaidia vyombo kwanza. Wagiriki wamekufa, ndiyo. Baba wa Fridolin hajafa, na mpunga wake umesimama.

Fanya hivi. Leo Jumanne, ukimaliza kunisikiliza, mpate Fridolin, ampigie baba yake simu amwombe asipande pikipiki mpaka apigiwe tena kesho saa nne asubuhi. Wewe simama pale pale, na akikupa simu, ipokee, umwamkie mzee, useme kwamba mwanao hakubishana, alisema kweli na mimi ndiye niliyemwambia. Ukiweza kumwambia mzee usiyemjua aliyeko Masagati, utaweza kumwambia yeyote.

Kesho asubuhi usiende mstarini kwanza. Nenda ofisini kabla ya kengele, pamoja na bibi yako. Bibi abebe kitabu chake cha masomo, wewe ubebe vile vikaratasi vya Morogoro, mviweke sambamba mezani kama ulivyoviweka siku ile. Usimkabili Mwalimu Stanislaus mbele ya watoto. Umeudhika kwamba mwenzako aliaibishwa hadharani, basi usimfanyie mwalimu hivyo hivyo. Msalimie, mwonyeshe, umwombe yeye mwenyewe alisahihishe kosa hilo mstarini. Mwalimu muungwana atalisahihisha na watoto watamheshimu zaidi. Akikataa, mlango wa mkuu wa shule uko hatua chache, na bibi anajua kubisha hodi.

Najua utakachoniambia, kwamba ukifika pale sauti itapotea. Ndiyo maana una daftari. Chana ukurasa, andika leo, kesho usome. Usiandike sita! Andika hivi: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi niliyemwambia Fridolin. Siku ile uliponiuliza nilijua jibu nikasema sijui, naomba radhi kwa hilo. Wazee wa Lupiro mto wetu wanauita Ulanga, sisi wa Ifakara tunauita Kilombero, na mtu akiyataja majina yote mawili hatumpi alama mbili, kwa sababu mto ni mmoja. Wagiriki na Wayunani ni hivyo hivyo." Kisha unyamaze. Hapo ruhusa ya kunyamaza unayo.

Daftari likibaki na kurasa, mpelekee Fridolin kule nyuma ya vyoo, na ushike fyekeo umalizie kipande kilichobaki. Mkebe mwachie Apolonia, dhamiri yake si kazi yako.

Halafu rudi kwenye bomba na ndoo yako, na wakianza tena kuuliza nani angemfunga nani, usicheke kimoyomoyo. Chagua timu, ubishane. Na siku yoyote mtu mzima akikusimamisha akakuuliza jambo ambalo limekufika kooni, usimwambie hujui.

Unajua.