Mama Mkwe na Mizizi ya Kwenye Friji

Uko hapo? Usinipigie, sina nguvu ya kuongea. Soma tu.

Mama mkwe amechemsha mizizi yangu.

Ndiyo, ile ile tuliyochimba msituni mimi na wewe, tukaiosha kwa mswaki. Friji ya maabara iliharibika, nikaileta nyumbani nikaificha chini ya mboga. Leo narudi kutoka kazini nakuta sufuria jikoni, maji ya kahawia, na yeye amekaa anapuliza kikombe.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Si ndiyo ile dawa yako ya mizizi? Nimeona umeificha, nikajua unaona haya kunipa."

Kunipa! Kusoma kote huku, kumbe nyumbani mimi ni mganga.

Nikamweleza ni ya utafiti, tunaangalia jinsi miti inavyolishana chini kwa chini. Unajua alinijibu nini?

"Kama inalisha msitu mzima, itashindwa na magoti yangu?"

Itashindwa na magoti yangu!! Mama mkwe humfokei.

Mti wenyewe hauna sumu, naujua. Daktari niliyempigia naye kasema tumwangalie tu. Lakini kazi ya msimu mzima imeishia kikombeni. Nimekaa sakafuni hapa, hata kulia nimechoka.

Sasa sikia. Ameinuka kwenda kulala, akapanda ngazi bila kushika ukuta. Akafika juu, akageuka:

"Mkirudi huko mniletee mingi. Nimeshawaambia wenzangu wa kwaya."

Jumamosi usipange kitu. Njoo na jembe.

Na gunia.