Digrii Yako na Jina la Mama

Mwanangu Fiston,

Kwanza ujue nina hasira na wewe. Watu wakiwaandikia marehemu wao huanza na machozi. Mimi utanivumilia, unaujua mdomo wangu. Nina hasira kwa sababu ulinidanganya mara moja tu maishani mwako, na uongo huo nikauamini, nikautangaza mtaa mzima wa Point. Nitafika huko. Ngoja nikae vizuri hapa kwenye cherehani, maana kalamu siizoei kama sindano.

Meza ya kukatia bado ipo palepale dirishani. Kila Jumamosi meli yenu ya jeshi ikiwa Durban ulikuja na begi la nguo chafu na vitabu vya chuo, ukavitandaza juu ya vitambaa vya watu. "Toa vitabu vyako kwenye satini ya bibi harusi!" nakupigia kelele. "Eish, mama, bibi harusi atangoja, mtihani haungoji," unanijibu, hata kichwa huinui. Bi Saida, yule Mtanzania ninayegawana naye chumba cha kushonea, anacheka mpaka pini zinamdondoka mdomoni. Alikuita Kapteni. Wewe wakati huo kazi yako ilikuwa kukwangua kutu na kupaka meli rangi, lakini kwa Bi Saida ulikuwa Kapteni tu.

Nakumbuka siku uliponieleza njia ya kuwa ofisa. Nilikuwa nakushonea alama ya cheo chako cha kwanza kwenye shati, cheo kidogo hicho, nikakuuliza mbona vijana wa rika lako wengine wanapigiwa saluti na wewe unashika fagio. Ukacheka. Ukasema wale walipitia chuo cha maofisa tangu mwanzo, wewe uliingia jeshi la maji na cheti cha matric, cha kumaliza sekondari, kwa mlango wa mabaharia wa kawaida. "Lakini iko njia, mama. Baharia akisoma digrii huku anafanya kazi, kamanda wa meli akampendekeza, bodi ikamhoji, daktari akampima, halafu wakamchunguza yeye na familia yake, anapelekwa chuo cha maofisa kule Cape. Anarudi ofisa." Ulihesabu kwa vidole. Kwenye kidole cha kuchunguzwa sindano yangu ilisimama. Ulidhani nahesabu mishono.

Miaka saba, Fiston! Digrii ya hesabu na fizikia, ya kusoma kwa mbali, ndani ya meli ambayo simu haishiki mtandao wiki tatu nzima. Uliandika kazi za chuo kwa mkono ukiwa umelala, kitanda cha juu kabisa, pua karibu iguse chuma. Meli ikifunga gati wenzako wanakimbilia bia, wewe unakimbilia mtandao utume kazi kabla chuo hakijafunga kupokea. Mara mbili meli ilichelewa kurudi, ukaurudia muhula mzima. Wenzako mesini, kwenye chumba cha kulia, walikuita Profesa, na si kwa kukusifu. Uliniambia ukiwa ofisa hutakula nao tena, mesi ya maofisa iko upande mwingine, kwa hiyo walianza kukununia mapema. Wewe hukulalamika. Nililalamika mimi, hiyo kazi naiweza.

Siku ya kuhitimu nilipunguza urefu wa joho la kukodi bila kumwuliza mtu, maana lilikuwa linafagia sakafu. Tukarudi na taxi, ile ya abiria wengi, ukakataa kulivua. Dereva alizima muziki akasema gari zima likupigie makofi, likapiga. Mimi nilitazama nje dirishani mpaka tukavuka robot ya mwisho, zile taa za barabarani, sikutaka unione uso. Nilikuwa na furaha kweli. Na nilikuwa naogopa, kwa sababu kile nilichodhani kitakushinda kilikuwa kimeisha, na sasa kilikuwa kinakuja kile ambacho kingenishinda mimi.

Sasa nalisema, na anayetaka kusoma asome.

Mimi sikukuzaa. Alikuzaa Mapendo, mdogo wangu, tumbo moja. Alikufa kwetu Uvira, Kongo, kwa homa, hospitali ikiwa imefungwa kwa sababu ya vita, na wewe una miaka miwili. Nikakubeba. Tulihama huku na huku, tukafika Durban ukiwa na miaka minne. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi mwanamke mmoja wa kwetu akaniuliza kama wewe ni wangu wa kuzaa. Nikasema wa mdogo wangu. Akaninong'oneza sikioni: "Usiseme hivyo mule ndani. Hawamwandiki kwenye karatasi yako mtoto usiyemzaa. Watamchukua mtoto, wampeleke kwenye nyumba yao."

Mwanangu, labda alikosea. Sijui mpaka leo. Sikungoja kujua. Nikakugeuza uniangalie.

"Mama yako ni nani?"

"Mama Mapendo."

Nikakufinya. "Mama yako ni nani?"

"Mama Mapendo."

Nikakufinya tena, hapa juu ya kiwiko. Ulilia kwa sauti ndogo, kama uliyejua kwamba kulia kwingi kutatuharibia. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika dirishani karani alininyooshea kidole, akakuuliza mimi ni nani, na wewe ukasema, "Mama." Akaandika. Kutoka kwenye karatasi ile yakatoka makaratasi mengine yote, ya kukaa, ya shule, mpaka ya uraia wako. Na Mapendo hukumtaja tena. Baada ya mwaka nilikutega, nikakutajia jina lake, ukaniuliza ni nani huyo. Nikashukuru Mungu, mimi mwanamke mwovu, nikashukuru.

Miaka ishirini na tatu baadaye ukaja Jumatano, si siku yako, umevaa sare, na fomu nene kwapani. Kamanda ameshakupendekeza, bodi imeshakuhoji, daktari ameshakupima. "Imebaki kuchunguzwa tu, mama. Hapa wanataka mahali uliponizalia, na cheti kama iko. Na watakuja kukuuliza na wewe, ana kwa ana. Ni utaratibu tu." Ukanisomea na ule mstari wa mwisho, wa kuapa kwamba yote ni kweli.

Ningeweza kukuketisha. Ningeweza kupika kwanza. Lakini woga wangu siku zote hutoka kwa mlango wa hasira. Nikapiga meza kwa kiganja: "Wananiuliza nini mimi? Mimi sikukuzaa!"

Bi Saida alichukua mtandio wake akatoka nje.

Wewe hukupaza sauti. Nilikueleza yote, Uvira, foleni, kufinya. Uliuliza swali moja. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Mapendo."

Ukalirudia polepole. Halafu ukasema, "Hilo jina nalijua, mama. Sijui wapi, lakini nalijua." Na mkono wako ukashika kiwiko. Hukujua kwamba umekishika. Niliona mimi.

Hapo ndipo nilipokukosea mara ya pili, na hii sina foleni ya kuilaumu. Nilikwambia, "Andika jina langu, weka sahihi, nenda zako. Vitabu vya vizazi vya Uvira vilishaungua, nani atajua?"

"Mama, ndiyo naanza uofisa hivyo? Kwa kuapa uongo?"

"Haya, andika ukweli! Karatasi yako imetoka kwenye yangu. Wakivuta uzi mmoja nguo yote inafumuka. Wewe watakuondoa jeshini, mimi watanirudisha wapi na umri huu?"

Sikukwambia tutafute wakili. Sikukwambia twende wote, mimi nitangulie. Nilikuwekea shingo yangu juu ya meza, nikakuachia wewe uamue. Ukaikunja fomu. Ukanibusu kichwani kama kawaida yako, ukaenda.

Jumamosi mbili baadaye ukaja na begi lako. "Bodi wamekataa, mama. Wamesema nijaribu mwakani." Huo ndio uongo wako. Nilivyowalaani wale watu! Nililaani kuanzia hapa mpaka kanisani Cato Manor, nikasema wameona jina la Kikongo ndiyo maana. Wewe ukala sombe sahani mbili, ukaniambia, "Achana nao, mama. Sharp tu." Ulikuwa mchangamfu. Nilifikiri umenisamehe, kumbe ulikuwa umenibeba.

Ilikuwa mwezi ambao ungekuwa darasani Cape. Meli yenu ilikuwa inafungwa gatini, bandari ya mbali, upepo mkali. Kamba nene ya kufungia ikavutika, ikakatika, ikarudi na kukupiga. Walinieleza kwa upole, walisema hukupata hata muda wa kusikia. Hakuna aliyekosea, ni upepo. Lakini nilimwuliza yule baharia mwenzako aliyekuja na taarifa: ofisa husimama wapi wakati meli inafungwa? Kijana wa watu akaanza kunipa pole. Nikamwambia anijibu. Akasema, "Si pale, mama. Pale kwenye kamba tunasimama sisi."

Kwenye mazishi kamanda wako alinishika mikono miwili. "Mama, bodi ilimpitisha. Tulikuwa tunangoja fomu yake tu. Nilimwuliza mara tatu, kila mara ananiambia ni mambo ya nyumbani." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Wakakunja bendera, wakaniletea, na karatasi ya kupokea. Kwenye nafasi ya uhusiano nikaandika mama. Cheti chako cha kifo kinasema hivyohivyo. Mapendo nilimfuta siku ulipoingia nchi hii, na nikamfuta tena siku ulipoingia ardhini.

Kisha wakaleta sanduku lako la melini. Nguo zimekunjwa vizuri kuliko ulivyokuwa unazikunja mwenyewe. Fomu ilikuwa ndani ya kitabu cha fizikia. Umeijaza yote kwa zile herufi zako zilizonyooka, shule, anwani, meli, nidhamu, kila kitu. Jina la mama, umeandika langu. Umelikandamiza, linaonekana mpaka nyuma ya karatasi. Na chini, mahali pa kuapa na kuweka sahihi, hakuna kitu. Umeniita mama kwa wino, halafu ukashindwa kuapa, ukashindwa kunifichua, ukarudi kwenye kamba zako.

Nimelia sasa, basi, furahi. Sikulia mazishini, nimelia kwenye karatasi ya serikali.

Bi Saida ameisoma barua hii mpaka hapa. Ameniambia, "Dada, usiitoe. Watakunyang'anya makaratasi. Kijana mwenyewe alikufa akikulinda, unaitupa zawadi yake?" Anasema kweli, na ananipenda. Nimemjibu kwamba sikuiomba zawadi hiyo, na siwezi kuivaa. Kila nikipanda ngazi za hapa Point kuingia kwangu najua nimepanda juu ya nani.

Simwandikii mtu anihurumie. Nataka jina moja lirudi. Mdogo wangu alikufa bila jeneza, kaburi lake silijui, kitu pekee alichoacha duniani ni wewe, na mimi nikajiandikia wewe. Angalau aandikwe kwamba alizaa mtoto, na mtoto huyo alikuwa baharia aliyepata digrii juu ya kitanda cha chuma na akapita mbele ya bodi ya maofisa. Asubuhi nampelekea kamanda wako nakala. Nyingine naipeleka kwenye ile ofisi ya wakimbizi, nitapanga foleni kama siku ile. Karani akiniuliza wewe ni nani kwangu, hakuna nitakayemfinya.

Lala, Fiston. Bendera yako nimeifunga ndani ya kitenge, haijaingia vumbi. Fomu yako ninayo hapa. Jina langu nimelipiga mstari mmoja, juu yake nimeandika la Mapendo. Pale chini ulipoacha patupu, naweka sahihi mimi, na naapa kwamba yote ni kweli.

Riziki,
mama yako mkubwa, dada yake Mapendo aliyekuzaa.