Kamba za Jukwaa la Uyole

Hospitalini, Mbeya

Kwako dada Veronika,
Mlandege, Iringa.

Kamwene, dada. Nakuamkia, na kupitia kwako nawaamkia wote hapo nyumbani. Kifua cha mama kimetulia na baridi hii? Mimi roho ni nzima, ila nimelazwa. Mguu wa kulia umevunjika, wameufunga plasta mpaka kwenye paja. Nakuandikia mapema kwa sababu mumeo atakuja huko mwisho wa mwezi, na nataka uyasikie haya kutoka kwangu.

Unajua shemeji Damiani ndiye aliyeniitia kazi hii ya uashi, kwenye ghala la mahindi pale Uyole, yeye akiwa msimamizi. Tulikuwa tunajenga juu ya jukwaa la miti lililofungwa kwa kamba za katani. Mvua ilizinyeshea kamba zile siku nyingi. Jumatatu niliminya fundo moja, nyuzi zikakatika mkononi. Nikamwonyesha shemeji. Kamba mpya zilikuwamo stoo, lakini alisema kufunga upya kutakula siku nzima, na tajiri anataka ukuta ufike usawa wa lenta, pale juu ya milango, kabla ya Jumatano.

Mwenzangu Ambonisye, mwashi wa Tukuyu, alikataa kupanda. Shemeji akanivuta pembeni.

"Panda leo tu, kesho tunafunga," akaniambia. "Mimi nimemwoa dada yako. Nitakupandishaje mahali pabaya?"

Nikamwamini. Tena nilimwendea Ambonisye nikamwambia huyu ni ndugu yangu, hawezi kunidanganya. Akanitazama, akachukua mwiko wake, tukapanda.

Kabla ya saa sita kamba zilikatika upande wake, jukwaa likaporomoka. Mimi niliangukia lundo la mchanga. Yeye aliangukia matofali. Hakufika hospitali akiwa hai, dada.

Siku ya pili shemeji alikuja na chupa ya maziwa, na karatasi mfukoni. Alitaka niweke sahihi. Ilikuwa imeandikwa kwamba Ambonisye alifungua kamba ili akafungie mzigo wake wa kuni. Niliisoma mara mbili. Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Yeye amekwisha kufa, karatasi haimuumizi. Mimi nina watoto, na ni wapwa zako."

Nikamrudishia karatasi yake. Maziwa aliyaacha. Sikuweza kuyanywa.

Alhamisi akaja Afisa Kazi, akanisomea maelezo aliyopewa na shemeji. Safari hii yanasema kamba tulizifungua wawili, mimi na marehemu. Jina langu limeandikwa kamili, na la baba, na la babu, kama anavyoyajua mtu aliyekula kwetu. Nililia mbele ya mgeni yule. Kisha nikamweleza yote, hata lile la mimi kumshawishi Ambonisye. Alikwenda Uyole mwenyewe, akakuta vipande vya kamba vilivyooza, na zile mpya bado ziko stoo. Kazi imesimamishwa, na shemeji ameitwa akajieleze.

Jana mjane wa Ambonisye alikuja, akitokea kwenye mazishi. Aliuliza jambo moja tu, kama mume wake alifungua kamba. Nikamwambia hapana, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia apande. Akanivutia blanketi miguuni, akaondoka bila kuaga.

Dada, nilifikiria kunyamaza kwa ajili yako na watoto. Nilishindwa.

Nisalimie mama, lakini habari ya mguu usimwambie mpaka nisimame. Wasalimie wapwa zangu, na shangazi anayekaa nanyi, na baba mdogo aliyenifundisha kushika mwiko.

Shemeji akifika, mpokee, mpe maji ya kuoga na chakula. Akishakula, mwache asimulie mwenyewe, usimkatize. Nataka usikie kama mbele yako pia atasema nilifungua kamba.

Ni mimi mdogo wako,
Fidelis