Kioo Alichobandika Jana

Mama Pacha, mzuie mumeo asipeleke gari kwa yule fundi vioo wa stendi! Natoka kwake sasa hivi.

Kile kioo cha ubavuni nyuma cha pikapu yetu, alichobandika jana, kimechomoka tukiwa mwendoni. Binti yangu alikiegemea tu! Nimemdaka kwa gauni, kichwa kiko nje. Kichwa kiko nje!!

Kumbe kapaka gundi mpya juu ya gundi kuukuu, hajakwangua.

Tumemrudia, ati ananiambia, "Mama, mfundishe mtoto kukaa vizuri." Mimi! Nimfundishe!

Kabandika kingine, anaapa hiki kimeshika, twende tu. Nikamwambia, "Haya fundi, panda wewe uegemee, mume wangu atuzungushe."

Akacheka. Nikamfungulia mlango.

Kakataa! Mwenyewe kakataa kukaa pale anapotaka mwanangu akae.