Hub ya Kurekodi Sauti ya Shangazi

Jumatatu, 9 Juni

Diski imekatika tena. Mara ya nne leo. Shangazi Nyangeta alikuwa katikati ya ubeti wa pili, macho amefumba, laptop ikalia kuonyesha kuwa kifaa kimeondoka. Nikainua mkono. Kwaya nzima ikanyamaza. Wawili walicheka. Mimi sikucheka.

Sababu naijua. Laptop ya kwaya imebaki na tundu moja tu la USB linalofanya kazi. Vifaa ni vinne: kadi ya sauti inayopokea maikrofoni, diski ya kuhifadhia, kipanya, na kibodi ya pembeni, maana ile ya laptop ilimwagikiwa chai. Kwa hiyo tunatumia USB hub, kifaa kidogo kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Lakini hub yetu haina umeme wake. Inategemea kile kidogo kinachotoka kwenye laptop, na vifaa vinne vinakigombania. Diski ndiyo inashindwa kwanza.

Tuna siku sita. Jumatatu ijayo Shangazi anakwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Daktari amemwambia wazi kwamba neva za sauti zinapita karibu na pale watakapokata. Sauti inaweza kubaki. Inaweza pia kubadilika. Ameimbisha kwaya ya kanisa la kigango hapa Butiama tangu kabla sijazaliwa, na hakuna wimbo wake hata mmoja uliorekodiwa vizuri. Kuna video za simu tu. Upepo na watoto wanaolia.

Nipo kwake kwa likizo. Nimepewa kazi ya mitambo kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Sawa. Lakini sauti yake haitapotea kwa sababu ya kifaa cha kukaa kiganjani. Nimekataa.

Jumanne, 10 Juni

Musoma. Nimelala nyumbani mtaa wa Mukendo, kwa Mama. Asubuhi nimezunguka maduka ya vifaa vya kompyuta nikiwa na karatasi. Nimeandika kutoka kwenye vibandiko: diski karibu ampia moja, kadi ya sauti nusu, kibodi na kipanya kidogo sana. Jumla haifiki mbili. Kwa hiyo natafuta hub yenye adapta yake ya ukutani, volti tano, ampia mbili kwenda juu. Volti lazima zilingane. Ampia zikizidi si tatizo, kifaa kinachukua kinachohitaji. Mwalimu wa fizikia alitufundisha hivyo hadi tukaota.

Duka la kwanza: hub ya matundu kumi, taa za bluu, swichi kila tundu. Nzuri kama mti wa Krismasi. Ina kitundu cha kuchomeka adapta, lakini ndani ya boksi adapta haimo. Muuzaji akasema, "Adapta utatafuta tu, mdogo wangu, ziko nyingi mjini." Nikairudisha.

Duka la pili: adapta ipo, ampia moja. Haitoshi. Duka la tatu: hawana. Wamesema nijaribu Bunda.

Nimempigia Mzee Magesa, mwenyekiti wa kwaya, nikamweleza kila kitu. Akaitikia "sawa, sawa" kwa sauti ya mtu anayechunga ng'ombe huku anaongea. Huenda alikuwa anachunga kweli.

Jumatano, 11 Juni

Mzee Magesa amenunua ile ya taa za bluu.

Alishuka Musoma leo kwa shughuli zake, akapita duka la kwanza, akaiona. Nimerudi Butiama nimeikuta mezani kwa Shangazi, watu wameizunguka.

Nikasema haina adapta. Akasema, "Binti, wewe ulikuwa unatafuta ya manne. Mimi nimeleta ya kumi. Ya kumi na ya manne, ipi kubwa?" Watu wakacheka. Nikasema wingi wa matundu si umeme. Mama mmoja wa sauti ya pili akaniambia niwe na adabu.

Nilikuwa na adabu. Nilimwamkia kila mtu. Nilisema "samahani Mzee" kabla na baada. Kumbe adabu waliyoitaka ni ya kunyamaza.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi hakufanya mazoezi. Shingo inamuuma akimeza. Nimemkanda kwa maji ya uvuguvugu. Hatukuzungumzia hub. Nina hasira na ninaogopa. Zaidi ninaogopa.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi jioni, kanisani. Mzee Magesa kaja na mfuko wa adapta. Kila nyumba huku ina mfuko kama huo. Redio inakufa, king'amuzi kinakufa, simu inakufa, adapta inatupwa mfukoni maana itafaa siku moja. Ikitakiwa, mtu anajaribu pini mojamoja hadi inayoingia. Ikiingia, ndiyo yenyewe. Hakuna anayesoma kibandiko. Hata Mama hufanya hivyo.

Akajaribu ya kwanza, kubwa. Ya pili, ndogo. Ya tatu ikaingia vizuri kabisa. Ya king'amuzi.

Nikaomba niione. Maandishi yalikuwa madogo lakini yalisomeka: volti kumi na mbili. Chini ya hub pameandikwa tano.

Nikasema, "Samahani Mzee, hii hapana. Itaiunguza."

"Imeingia au haijaingia?"

"Imeingia. Lakini si yake."

"Nyumbani tunafanyaga hivi miaka yote. Mbona nyumba haijaungua?"

Nikachomoa waya unaokwenda kwenye laptop. Nikachukua diski na kadi ya sauti, nikaziweka mapajani, nikaketi. Nikasema sitachomeka kitu.

"Injinia kagoma!" Mzee akawaambia wenzake. "Haya, tuone bila yeye."

Akachomeka kipanya kwenye hub ili kuonyesha. Akawasha ukutani. Taa za bluu ziliwaka zote kumi. Mtu akapiga kigelegele. Taa nyekundu chini ya kipanya ikawaka kali, ikazima. Kisha za bluu nazo zikazima, zote kwa pamoja. Ikaja harufu ya plastiki.

Nilitaka kusema nilishawaambia. Nilitaka sana.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, kitambaa shingoni. Aliniangalia mapajani, akaona diski na kadi ni salama. Akasema, "Mwanangu, vishike hivyohivyo." Basi. Nimerudi nyumbani nimevibeba kama mayai.

Sijutii.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi pikipiki mlangoni. Mzee Magesa. Hakuomba msamaha, nami sikuutaka. Akasema, "Panda twende Bunda. Chukua hivyo vyako vyote." Nikabeba laptop, diski, kadi, kibodi na maikrofoni.

Duka la Bunda lipo karibu na stendi. Muuzaji mama mnene mcheshi, miwani kichwani. Alikuwa nazo aina tatu. Akaanza na yenye taa. "Hii ndiyo inayotokaga sana, mwanangu." Mzee akaangalia pembeni. Nikasema taa tumeshaziona.

Ya mwisho ilikuwa nyeusi, nzito, mbaya kwa sura. Matundu manne. Adapta ndani ya boksi, imeandikwa volti tano, ampia tatu. Nikamwomba Mzee asome naye. Akaiweka mbali na uso, akaileta karibu, akasoma namba kwa sauti. Kisha akaigeuza hub yenyewe, bila kuambiwa, akasoma ya chini. "Tano na tano," akasema.

Nikaomba kujaribu kabla ya kulipa. Muuzaji akasema, "Hapa ni dukani, siyo maabara ya shule!" Nikamwambia sitoki na kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi. Nilisema kwa heshima lakini sikusogea. Wateja wawili nyuma yangu wakaguna.

"Mwache ajaribu," Mzee akasema. "Jana sikumsikiliza. Nimenusa matokeo."

Mama yule akacheka hadi miwani ikashuka puani. Akatupatia soketi.

Nikachomeka vyote. Nikarekodi kelele za stendi dakika kumi, kondakta anaita Musoma, Musoma. Diski haikukatika. Nikasikiliza tena kuhakikisha. Mzee akalipa.

Kipanya hatukununua. Vidole kwenye padi ya kugusa ya laptop vinatosha.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa. Feni zimezimwa, milango imefungwa, kuku wamefukuzwa uani. Adapta ukutani, niliichomeka mwenyewe. Mzee alisimama mlangoni kuzuia watu.

Mara ya kwanza sauti ya tatu walichelewa kuingia. Mara ya pili Shangazi alikohoa, akashika shingo, akainama. Nikadhani imeisha. Mwenye kinanda akauliza kama tuahirishe. Tuahirishe hadi lini? Nikasema hapana kabla ya mtu mzima yeyote kujibu. Shangazi akanywa maji, akatikisa kichwa kuniunga mkono.

Mara ya tatu aliimba nyimbo nne mfululizo. Sikuangalia watu. Niliangalia mstari wa sauti ukipanda na kushuka, na taa ndogo ya diski ikipepesa. Haikukatika hata mara moja. Alipomaliza wimbo wa nne hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu niliwakataza. Wakakaa kimya hadi niliposhusha mkono. Wengine walikuwa wanalia kimya, na hilo pia limerekodiwa, ukisikiliza kwa makini.

Jumatatu, 16 Juni

Amepanda basi. Mama kaenda naye. Nimenakili nyimbo sehemu tatu.

Ijumaa, 20 Juni

Upasuaji umepita salama. Bado haruhusiwi kuongea. Mama alipiga, nikasikia Shangazi anapumua karibu na simu. Nikauliza kama nimpigie wimbo mmoja asikilize. Simu ikakatika, kisha ukaja ujumbe, ameandika mwenyewe: "Usiniwekee sasa. Nataka kwanza nijue nimebaki na sauti ipi."

Nimejibu: sawa, Shangazi.

Nimefuta vumbi kwenye diski, nimeifunga kwenye kitenge, nimeiweka kabatini. Mvua ndogo inanyesha. Kesho nitafua sare, shule inakaribia kufunguliwa.